Joto Linaloua Klachi za Pikipiki za Theluji

Klachi ya pikipiki ya theluji ikipata moto kupita kiasi, karibu kila mara kuna mkanda unaoteleza ndani yake. Nguvu iliyopaswa kufika kwenye treki, yaani ule utepe mpana wa mpira wenye meno unaotambaa juu ya theluji na kuisukuma mashine, hupotelea njiani na kugeuka joto. Joto hilo huulainisha mpira, mpira uliolainika huzidi kuteleza, na kuteleza huzidisha joto. Mzunguko huo ukishaanza, mkanda ambao ungedumu misimu miwili unaweza kukatika katika alasiri moja.

Hasara ya kwanza ni ya fedha, maana mkanda mmoja wa mashine yenye nguvu huuzwa zaidi ya dola 150 za Marekani. Hasara ya pili ndiyo nzito. Pikipiki ya theluji huenda mahali ambapo gari haliendi: juu ya bahari iliyoganda, ndani ya misitu isiyo na barabara, kwenye mabega ya milima ambako theluji humfika mtu kiunoni. Mkanda ukikatika huko na wa akiba haupo, dereva hubaki na mashine isiyotembea, huku giza likiingia mapema na kipimajoto kikisoma nyuzi 30 chini ya sifuri. Ndiyo maana kujua joto la klachi ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la ufundi.

Mashine zenyewe zilizaliwa kutokana na hatari ya namna hiyo. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt katika jimbo la Québec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo katika majira ya baridi ya mwaka 1934, wakati barabara zilizozibwa na theluji zilipofanya isiwezekane kumfikisha hospitalini. Mwaka 1937 Bombardier alipata hataza ya mfumo wake wa gurudumu lenye meno na treki, akaanza kuunda magari ya abiria ya kupita kwenye theluji. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, mashine nyepesi inayopandwa kwa kutandaza miguu. Kusini mwa mpaka, upande wa Marekani, katika mji wa Roseau, Minnesota, mafundi wa Polaris walikuwa wamekwisha kuunda ya kwao katikati ya miaka ya 1950. Muda si mrefu mashine hizi zikafika kwa Wasami wa Sevettijärvi, kaskazini mwa Finland, zikabadili ufugaji wao wote wa reinidia. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto alieleza mabadiliko hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1973. Wainuiti wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, huzitumia hadi leo kuvuta qamutik, sleji ndefu ya mbao inayobeba nyama, mafuta, mahema na watoto. Kazi hiyo ya kuvuta mzigo mzito polepole juu ya barafu yenye mabonde na vilima ni miongoni mwa mitihani migumu zaidi ya klachi, kama itakavyoonekana mbele.

Namna klachi inavyofanya kazi

Klachi hii si ile ya pleti iliyozoeleka kwenye magari na bodaboda. Ni jozi ya puli zinazobadili ukubwa, zilizounganishwa kwa mkanda mmoja wa mpira, na hakuna gia za kubadilisha kwa mguu wala kwa mkono. Katika magari, mfumo wa jamaa hiyo uliingizwa sokoni na kampuni ya DAF ya Uholanzi mwaka 1958 kwa jina la Variomatic. Kwa umbo dogo umo pia ndani ya skuta za otomatiki zinazoonekana Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na fundi aliyewahi kufungua skuta hizo ataitambua klachi ya pikipiki ya theluji mara tu kifuniko kitakapotoka.

Puli ya kwanza imefungwa kwenye ncha ya kranki ya injini. Ina sahani mbili zenye mteremko zinazotazamana. Moja imekaa imara, nyingine husogea. Injini inapozunguka polepole bila kazi, springi huzitenganisha sahani hizo na mkanda hukaa katikati bila kubanwa. Mizunguko ikifika kiwango fulani, mara nyingi kati ya 3,000 na 4,000 kwa dakika, vyuma vya uzito vilivyomo ndani ya puli husukumwa nje na nguvu ya mzunguko, navyo huisogeza ile sahani hadi mkanda ubanwe. Kadiri mizunguko inavyopanda, ndivyo sahani zinavyokaribiana na mkanda unavyopanda kuelekea ukingo.

Puli ya pili hufanya kinyume. Springi yake huzibana sahani muda wote, na mkanda unapovutwa na puli ya kwanza huzilazimisha kuachana, ukazama kuelekea katikati. Ndani yake kuna kamu yenye mteremko wa kujipinda. Theluji ikiwa nzito na treki ikapata upinzani, kamu hiyo huzikaza sahani zaidi, mkanda hurudi juu, na mashine hujipunguzia gia yenyewe. Wakati wa kuondoka injini huzunguka mara tatu na zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa puli ya pili. Kwenye mwendo wa juu puli ya pili huweza kuipita hata injini.

Mkanda una meno upande wa ndani, lakini meno hayo hayashikani na kitu chochote. Yamewekwa ili mkanda upinde kwa urahisi na upitishe hewa. Nguvu zote za injini hupita kwenye mbavu mbili za mpira zinazobanwa na aluminiamu, kwa msuguano peke yake. Hapo ndipo siri yote ya joto ilipo. Injini ya kisasa ya sentimita za ujazo 850 hutoa karibu nguvu za farasi 165, ambazo ni zaidi ya kilowati 120. Ikipotea asilimia 10 tu kwenye mkanda, hizo ni kilowati 12, sawa na pasi za umeme kumi na mbili zikiwaka kwa pamoja ndani ya kasha dogo lililofunikwa. Baridi ya nje haisaidii ikiwa hewa yake haiingii ndani ya kasha hilo. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba klachi inaungua wakati mto ulio kando yake umeganda, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Mkono kwanza, kifaa baadaye

Njia ya zamani ya kupima joto la klachi bado ni nzuri kuliko zote kwa kuanzia. Baada ya dakika kumi au kumi na tano za mwendo wa kawaida, dereva husimama, huzima injini, huchomoa ufunguo na kusubiri mpaka kila kitu kitulie kabisa. Kisha hufungua kifuniko cha pembeni na kuzisogelea sahani kwa nyuma ya kiganja, maana sehemu hiyo huhisi joto kabla ngozi haijagusa. Sahani zikiruhusu vidole kutulia juu yake kwa sekunde kadhaa, hali ni njema. Vidole vikikataa kukaa, kuna nguvu inayopotea. Na kama harufu ya mpira ulioungua inatoka mara tu kifuniko kinapofunguliwa, hakuna tena haja ya kugusa.

Kipimajoto cha miale ya infraredi hutoa namba, lakini kina mtego ambao wengi hawaujui. Aluminiamu inayong'aa hutoa miale kidogo, kwa hiyo kifaa husoma joto la chini sana kuliko lililopo. Kipimo cha kuaminika huchukuliwa kwenye mpira mweusi wa mkanda wenyewe, au kwenye doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa lililopakwa upande wa nje wa sahani, mahali ambapo mkanda haufiki. Vipo pia vihisi vya kufunga ndani ya kifuniko vinavyomwonyesha dereva joto la mkanda akiwa safarini. Kwa jumla madereva wazoefu hupenda mkanda ubaki chini ya nyuzi 80 za Selsiasi. Ukipita 100, mpira huanza kuzeeka haraka, na kila dakika inayoendelea hapo hukatwa kwenye umri wa mkanda.

Hata hivyo namba moja peke yake husema kidogo. Kinachosema mengi ni tofauti: kati ya leo na wiki iliyopita kwenye njia ile ile, na kati ya puli ya kwanza na ya pili. Puli ya kwanza hukaa kando ya injini, hivyo ni kawaida iwe na joto kidogo zaidi. Ikiwa imeizidi mwenzake kwa mbali, uchunguzi huanzia huko: vyuma vya uzito visivyofaa, rola au bushi zilizolika, uchafu juu ya sahani, mkanda uliolegea, au gia za mnyororo zilizo ndefu mno kwa kazi inayofanywa. Ikiwa puli ya pili ndiyo inayochoma, mshukiwa wa kwanza ni springi iliyochoka, na wa pili ni kamu iliyolika au vipande vya plastiki vinavyoteleza juu yake. Puli zote mbili zikiwa na moto mkali kwa pamoja, mara nyingi kosa liko nje ya klachi: puli hazijanyooka, treki inazunguka kwa shida, au hewa haipiti.

Ishara nyingine huja kabla ya harufu. Injini hupanda mizunguko lakini mwendo haupandi nayo. Mashine iliyoondoka kwa ulaini asubuhi huanza kushtuka inapoondoka mchana. Mizunguko ya juu kabisa, ambayo kwa injini nyingi za mipigo miwili iko karibu na 8,000 kwa dakika, hubadilika kwa mamia kadhaa baada ya klachi kupata moto. Mwenye mashine anayeijua namba yake ya kawaida huligundua tatizo siku kadhaa kabla ya mkanda kukatika.

Visababishi na matengenezo yake

Kosa linalotokea zaidi, nalo ni rahisi kurekebisha, ni mkanda kukaa vibaya kati ya puli. Kila mtengenezaji hutaja kiasi ambacho mkanda unapaswa kubonyea ukisukumwa katikati. Kwa mashine nyingi ni kama milimita 30. Ukiwa umelegea kupita hapo, sahani za puli ya kwanza husafiri umbali mrefu kabla ya kuushika, kisha huushika kwa ghafla, nao huteleza kila mashine inapoondoka. Ukiwa umekaza mno, unabaki umebanwa hata injini inapozunguka bila kazi: mashine hutaka kujiendea yenyewe, na mpira unasuguliwa muda wote dereva anapozungumza na wenzake njiani. Marekebisho hufanyika kwenye puli ya pili, kwa skrubu au kwa washa nyembamba, na huchukua dakika chache. Yanapaswa kurudiwa kila mkanda unapobadilishwa na kila unapopungua upana.

Unyoofu wa puli unadai subira zaidi. Puli mbili zinapaswa kuwa sambamba, na ya pili iwe imesogea pembeni kwa kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine. Fundi hutumia ubao wa chuma ulionyooka, uliotengenezwa kwa aina hiyo ya mashine, akiulaza kwenye puli ya pili na kuangalia unavyokutana na ya kwanza. Lakini kipimo kilichochukuliwa injini ikiwa imezimwa kinaweza kudanganya. Mashine inapovuta kwa nguvu zake zote, mkanda huivuta injini nzima kuelekea nyuma, na kama raba za kushikilia injini zimepasuka au kizuizi chake kimelegea, puli zilizokuwa sambamba gereji hupishana njiani. Mashine inayoendelea kuunguza mikanda ingawa kila kipimo kinaonyesha usahihi mara nyingi ina ugonjwa huu. Jeki au mtaimbo mdogo wa kuitikisa injini kwa uangalifu hutosha kuufichua.

Uchafu hudharauliwa, na haustahili kudharauliwa. Vumbi jeusi la mpira hujishindilia kwenye sahani na kuwa tabaka laini linalong'aa, na mkanda mpya ukifungwa juu yake huteleza tangu siku ya kwanza. Sahani husuguliwa kwa kitambaa kikavu cha kukwaruza, mkono ukienda kutoka katikati kuelekea ukingoni, kisha hufutwa kwa asetoni au spiriti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Vumbi lililobaki ndani hupulizwa kwa hewa ya kompresa, na fundi huvaa barakoa. Mafuta na grisi ni marufuku kwenye sehemu yoyote ambayo mkanda hugusa. Hata alama za vidole vilivyoshika grisi hutosha kuharibu kazi. Sahani ikiwa na mfereji unaosikika kwa ukucha, kusafisha hakutaisaidia na haina budi kubadilishwa.

Springi huchoka kimya kimya. Haikatiki wala haipigi kelele. Inapungua nguvu tu, msimu kwa msimu, hasa ikiwa imeonja joto kali mara kadhaa. Springi ya puli ya pili iliyolegea huziachia sahani mapema, mkanda hauna wa kuubana, na mashine hukimbilia gia ndefu kabla ya wakati wake. Bei ya springi ni ndogo ikilinganishwa na ya mkanda, na kwa mashine inayofanya kazi nzito ni busara kuibadilisha kabla haijajitangaza. Wakati huo huo rola, bushi na pini za vyuma vya uzito huangaliwa kama zina uwazi. Rola iliyolika upande mmoja hufanya sahani isogee kwa kushtuka, ikabana na kuachia, na kila kuachia ni kuteleza.

Kuna pia kisa cha mwenye mashine kufunga vipuri vya kuongeza kasi bila kufuata hesabu. Vyuma vizito mno huipeleka mashine kwenye gia ndefu kabla injini haijafikia nguvu zake, nayo huvuta kwa kukoroma huku mkanda ukibeba mzigo usio wake. Vyuma vyepesi mno huiacha injini ipite mizunguko yake bila kubana mkanda ipasavyo. Springi ngumu kupita kiasi kwenye puli ya pili nayo hairekebishi kitu, maana puli ya kwanza italazimika kupigana nayo kila sekunde, na vita hiyo ni joto tupu.

Mwinuko wa ardhi unaingia katika hesabu hiyo. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuishindilia hewa, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo mashine iliyopangwa kwa tambarare za Minnesota, ikipelekwa kwenye milima ya Colorado penye mita 3,000, ina karibu theluthi moja pungufu ya nguvu. Vyuma vyake huwa vizito mno kwa hali hiyo mpya, na theluji ya huko ni ya kina kirefu. Mafundi wa milimani hupunguza gramu kadhaa na kufunga gia fupi zaidi. Injini za tabo zilizoanza kutoka viwandani, kama ile ya Ski-Doo ya toleo la mwaka 2020, ziliondoa upungufu wa nguvu lakini zikaleta ugumu mwingine: mkanda sasa hubeba nguvu zote za injini ndani ya theluji nzito, mahali ambapo zamani ulibeba pungufu.

Baada ya klachi yenyewe kukaguliwa, jicho linapaswa kushuka hadi treki. Treki iliyokazwa mno, beringi iliyokwama, breki isiyoachia vizuri, au barafu iliyojijenga ndani ya mfumo wa magurudumu huongeza mzigo ambao klachi inaulipia. Mashine inapoinuliwa nyuma, treki inapaswa kuzunguka kwa mkono bila kukwama. Mwisho wa msimu, njia zinapobaki barafu tupu na theluji laini ya kupoza reli za chini imekwisha, reli hizo za plastiki hushikana na treki kwa joto, na mkanda huteseka pamoja nazo.

Hewa ni suala la peke yake. Puli zinapozunguka huvuta na kusukuma hewa, na matundu ya pembeni yenye wavu yamewekwa ili hewa hiyo itoke na nyingine iingie. Kwenye theluji laini ya unga, wavu huziba katika dakika chache. Kuupangusa kila mashine inaposimama ni tabia isiyo na gharama. Wengine hutoboa matundu zaidi, na hilo husaidia yakiwa mahali pa juu ambapo theluji hairuki. Yakiwa mahali pabaya huingiza theluji inayoyeyuka, maji yakaingia kati ya mpira na sahani, na mkanda ukateleza zaidi ya ulivyokuwa. Viungo vya bomba la moshi navyo hukaguliwa, kwa sababu gesi ya moto inayovuja chini ya kifuniko hupasha kila kilichomo.

Mkanda uliokufa unavyosema

Mkanda ulioharibika hautupwi kabla ya kutazamwa. Mbavu zinazong'aa kote, ngumu na laini kama kioo, zinaonyesha kuteleza kwa muda mrefu chini ya mbano hafifu. Sehemu moja tu iliyolika na kuwa nyembamba, wakati sehemu nyingine ni nzima, ina maana kwamba puli ya kwanza ilizunguka huku mkanda umesimama. Hilo hutokea treki ikiwa imeganda chini au mashine imekwama na dereva akaendelea kubana akselereta. Mashine yenye mkanda wa namna hiyo hudunda kwa mpigo mmoja kila mkanda unapozunguka. Nyuzi zinazochomoza upande mmoja wa ukingo zinaashiria puli zisizonyooka. Meno yaliyong'oka ni dalili ya mshtuko, mathalani treki iliyokuwa hewani ikatua akselereta ikiwa imebanwa hadi mwisho. Upana ukiwa umepungua milimita 3 kutoka ule wa mkanda mpya, watengenezaji wengi hushauri ubadilishwe hata kama hauna jeraha.

Kilichomo mikononi mwa dereva

Sehemu kubwa ya kinga haihitaji spana. Asubuhi yenye baridi kali, skii hutikiswa na nyuma ya mashine huinuliwa ili treki ibanduke kwenye barafu kabla ya injini kutiwa mzigo. Mpira uliolala kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri ni mgumu na haupindi. Dakika kadhaa za mwendo wa wastani huupasha taratibu. Kuondoka kunataka kubana akselereta kwa uthabiti, mkanda ushikwe mara moja na kwa ukamilifu, kuliko kuichezea mashine kwenye mizunguko ile ambayo klachi inashika nusu na kuachia nusu. Mwendo wa kutambaa kwa muda mrefu kwenye mizunguko hiyo huzalisha joto jingi kuliko mbio za kilomita nyingi.

Hapo ndipo wavutaji wa qamutik wanapopata shida, kwa sababu kazi yao haina mwendo mwingine. Mashine za kazi hufungwa gia ya ziada ya mwendo mfupi kwa ajili hiyo: injini huzunguka vya kutosha kuzibana sahani, huku mzigo ukienda polepole. Dereva asiyeitumia gia hiyo kwa sababu mashine inasogea hata bila hiyo anaununua mkanda mwingine bila kujua. Aliyekwama kwenye theluji ya kina naye huokoa mkanda kwa kushuka, kukanyagia theluji mbele ya skii na kuchimba nyuma ya treki, kabla ya kubana akselereta tena.

Mbio za Iron Dog za Alaska, zilizoanza mwaka 1984 na zinazopita zaidi ya kilomita 3,000, ni mtihani wa upande mwingine. Kwenye mito iliyoganda kama Yukon, akselereta hubanwa hadi mwisho kwa muda mrefu mfululizo. Mkanda unapinda mara maelfu kwa dakika kuizunguka puli ya pili ikiwa imejifungua hadi mwisho, na kupinda huko pekee huzalisha joto. Kulegeza akselereta kidogo, hata kwa sekunde kadhaa kila baada ya dakika chache, hubadilisha mahali mkanda unapogusa na kuupa nafasi ya kupumua.

Mkanda mpya hauingizwi moja kwa moja kwenye kazi. Huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kuondoa mabaki ya dawa za kiwandani, hukaushwa, na hufungwa kwa kufuata mshale wake wa mwelekeo. Kilomita 50 za mwanzo huendeshwa kwa akselereta isiyozidi nusu, mwendo ukibadilishwa-badilishwa, ili mbavu zake zijikalie kwenye sahani. Mkanda wa akiba unaobebwa safarini unastahili kupitishwa kwenye hatua hiyo mapema, kisha uhifadhiwe bila kukunjwa kwa nguvu. Aliye mbali na nyumbani akifunga mkanda ambao haujazoeshwa na kuukimbiza kilomita mia moja, anaweza kuupoteza kabla ya kufika.

Harufu ikitokea njiani, mashine husimamishwa, kifuniko hufunguliwa na klachi huachwa ipoe hadi mkono uruhusu. Theluji haitupwi juu ya sahani zenye moto, kwa sababu huweza kuzipasua na kulowesha mkanda. Mkanda ukiwa umekatika, vipande vyote hutolewa kabla ya kufunga mwingine: uzi mmoja uliojisokota nyuma ya puli ya kwanza unaweza kukata sili ya kranki. Nyaya na mabomba ya jirani hukaguliwa pia, maana mkanda unaokatika kwenye mwendo wa juu hupiga kama mjeledi. Kinga ya chuma au plastiki ngumu inayozunguka klachi iliwekwa kwa ajili ya mguu wa dereva, na injini haiwashwi ikiwa kinga hiyo haipo.

Msimu ukiisha, mkanda huvuliwa na kulazwa mahali pakavu penye kivuli, mbali na petroli. Ukiachwa kwenye puli miezi yote ya kiangazi hujikunja kwa umbo la puli, na unyevu unaonaswa kati yake na sahani huacha kutu na madoa yatakayousugua msimu ujao. Puli husafishwa, springi na rola hupimwa, na vipuri vinavyohitajika huagizwa wakati huo huo, miezi kadhaa kabla ya theluji ya kwanza kuanguka.